Mwalimu Aliyefundisha Kutoka Nje ya Dirisha

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu huanza mstari zikiwa zimesimama na hufika mwisho zimelala, kama watoto wakati wa mahubiri. Mtaona pia mahali nimekata neno na kuandika lingine juu yake, na mara nyingi hata hilo la juu si sahihi. Mimi niliishia darasa la nane. Nyumbani kwetu, huku upande wa Mutomo, tunaongea Kikamba, kwa hivyo Kiswahili kwangu ni nguo ya Jumapili: naivaa kwa uangalifu na naogopa kuichafua. Naandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua muda ambao mtu mwingine angemaliza kupalilia.

Nataka kuandika juu ya mwalimu wetu wa nasari, shule ya watoto wadogo. Sitataja jina lake, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Mume wake, ambaye ni kaka mkubwa wa baba yangu, alimwita Mwalimu hata alipokuwa akiomba chumvi. Alizaliwa wapi, na ni wa ukoo gani, hayo waulizeni wazee, watawaeleza mpaka mchoke. Mimi naandika niliyoyaona na machache niliyoambiwa na mwenyewe.

Nasari ilikuwa nyuma ya kanisa, chumba cha mabati chenye mlango mmoja na dirisha moja lisilo na kioo. Mabati yalipopata jua yalianza kulia, ta, ta, ta. Mwalimu aliwaambia watoto wapya, "Mnasikia? Hata nyumba inalia. Lakini imeenda kwa mama yake?" Mtoto aliyekuwa akilia aliitazama nyumba, akaona kweli haijaenda popote.

Kazi yake kubwa haikuwa kufundisha. Kazi yake ilikuwa kumfanya mtoto akubali kubaki. A, B na C zingekuja baadaye, au zisingekuja. Kila mtoto alifika na kikombe, ukuni mmoja na chupa ya maji, kwa maana huku maji hayapatikani kwa kufungua kitu. Mtoto akiwa mgeni, Mwalimu aliichukua chupa yake mbele ya wote, akaimimina ya kwanza kwenye sufuria ya uji, akatangaza, "Uji wa leo ni wa fulani. Sisi wengine ni wageni wake." Sasa mtoto angeendaje nyumbani na kuwaachia wageni uji wake? Alilia, lakini alilia akiwa amekaa karibu na sufuria, akilinda.

Watoto hawakumsumbua. Waliomsumbua ni mama zao. "Mtoto analia mpaka uji," alikuwa akisema. "Mama analia mpaka Ijumaa." Mama aliyekataa kuondoka alipewa ufagio akafagia uwanja wa kanisa. Akimaliza alipewa maharagwe achambue. Wengi waligundua kwamba nyumbani kuna kazi kidogo kuliko nasari, wakaondoka.

Mmoja alijificha nyuma ya ua wa minyaa, akichungulia. Mwalimu alimwendea na chaki mkononi.

"Mama, wewe umeandikishwa hapa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Una kikombe?"

"Sina."

"Basi uji wetu hautakufikia. Nenda nyumbani."

"Nilitaka tu kujua kama amenyamaza."

"Amenyamaza zamani. Sasa ameona kitambaa chako chekundu juu ya ua na anawaambia wenzake kuna jogoo."

Mimi pia nilipita mikononi mwake. Mwaka mzima sikutamka neno. Mama alipouliza naendeleaje, Mwalimu alisema, "Huyu ni mzuri sana. Ni kama kabati. Unamweka mahali, ukirudi yuko." Mama aliipokea kama sifa, na pengine ilikuwa sifa.

Alipenda Kiingereza kuliko Kiingereza kilivyompenda yeye. Aliwahi kwenda semina Machakos, na tangu arudi aliiita chuo. "Nilipokuwa chuoni," angesema, na aliyemjua alihesabu kichwani ile siku ya kwenda, ile ya semina na ile ya kurudi. Alirudi na wimbo mmoja wa Kiingereza ambao hakujua maana yake, wala sisi, na tuliuimba kwa machozi kwa sababu aliufundisha akiwa ameweka mkono kifuani. Nilipofika darasa la sita nilielewa kwamba ulikuwa wimbo wa kunawa mikono. Na salamu ya Kiingereza ya asubuhi aliitumia saa zote. Ungemkuta kisimani jua likizama, akakutakia asubuhi njema, na lazima uitikie, la sivyo uirudie.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Mtoto huku hupewa jina la babu au nyanya yake, na tangu siku hiyo si mtoto tu, ni yule mkubwa amekuja tena akiwa na meno machache. Mimi nina jina la nyanya yangu aliyefariki. Kwa hivyo Babu huniita mke wangu, na chai ikichelewa huninunia kama mume.

Mwalimu alisimama kanisani akasema hayo ni mambo ya giza. Darasani kwake, hata hivyo, giza lilikuwa na kiti chake. Mtoto aliyekuwa na jina la mwinjilisti wa kanisa letu ndiye aliyeombea uji kila siku, hata baada ya kujulikana kwamba anaomba jicho moja likiwa wazi, na hilo jicho liko kwenye sufuria. Mtoto mwingine alikuwa na jina la jirani ambaye ng'ombe zake walikula mtama wa Mwalimu. Huyo alipewa uji wa mwisho, wenye madonge, mwaka mzima, na hakuna aliyemweleza kosa lake.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo, tunaliita nthoni. Ni heshima ya mkamwana kwa baba mkwe wake. Mkamwana hataji jina la baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja. Hali mbele yake. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayetoka njiani ili mzee apite. Babu yangu, baba mkwe wa Mwalimu, anaitwa Muthiani. Mimi mjukuu naweza kumtaja. Mwalimu asingeweza hata ungemwahidi mbuzi.

Juu ya nthoni pia alihubiri. Alhamisi moja, kwenye mkutano wa akina mama, alisema kwamba katika Kristo hakuna mambo ya wakwe, sote ni ndugu, na anayemkwepa baba mkwe hajaokoka sawasawa. Akina mama walitikisa vichwa kwa toba. Jumamosi yake alikuwa anatoka sokoni na kiondo cha nyanya, akamwona Babu anakuja upande ule. Aliingia kwenye miiba na kiondo chake, akakaa humo amechuchumaa mpaka Babu alipopita. Babu naye akasimama hapo hapo kuvuta ugoro, akapiga chafya taratibu, moja, akangoja, nyingine. Gauni lilitoka na matundu. Jumapili alilivaa hilo hilo, limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, akahubiri tena.

Mambo haya yote yalikuwa ya kuchekesha tu mpaka yalipofika kwa ndugu yangu mdogo.

Mwalimu alikuwa na mabinti watupu, kwa hivyo jina la Babu lilikosa mtoto wa kiume nyumbani kwake, likaja kwetu. Ndugu yangu ni Muthiani. Lakini mama yangu naye ni mkamwana wa Babu, na asingeweza kulitaja, kwa hivyo tulimwita Mzee. Alikuwa na miaka minne, alikuwa na kijiti chake cha kutembelea, na alikuwa na kiti kidogo ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Mama hangeweza kumchapa, kwa maana nani anamchapa baba mkwe? Akimwaga maziwa, Mama alisema, "Mzee, pole," akapangusa.

Mwaka huo niliingia darasa la nane. Baba alikuwa kazini Mombasa na alikuja nyumbani Krismasi tu. Mama akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini, kazi aliyoingojea tangu nikiwa mdogo, na alitakiwa kuianza shule zikifunguliwa. Alinieleza jikoni bila kunitazama.

"Mzee ataenda nasari kwa Mwalimu."

"Sawa, Mama."

"Akikaa, ni sawa. Asipokaa, kazi siwezi kuiacha. Utakaa naye wewe nyumbani."

"Na mtihani?"

"Mtihani utafanywa na watakaokuwa shuleni."

Hakusema kwa ubaya. Kulikuwa na wasichana wengi njia yetu waliotoka hivyo, wakiwa na mtoto wa mtu mgongoni, na hakuna aliyeona ajabu. Basi nilielewa kwamba cheti changu kimewekwa mikononi mwa mtu wa miaka minne mwenye kijiti.

Siku ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Mwalimu alimpokea mlangoni akiwa ameinamisha kichwa. Nilidhani ni unyenyekevu wa kazi. Alipoita majina, alienda vizuri mpaka alipofika kwake, akasimama, akakohoa, akaendelea. Watoto wakatazamana. Siku ya pili alikohoa tena. Siku ya tatu watoto walikuwa wameelewa kwamba kikohozi hicho ni jina, na Mzee mwenyewe akawa anaitikia "niko." Akakizoea hata Jumapili. Kanisani shemasi akikohoa, sauti ndogo kutoka benchi la mbele ilijibu, "Niko."

Lakini kuitikia si kukaa. Mwalimu alimimina chupa yake kwenye sufuria, akatangaza uji ni wake. Mzee akafikiri, akasema, "Basi kunyweni. Nimewapa." Akachukua kijiti akaelekea mlangoni. Na hapo, mbele ya macho yangu, mwanamke aliyewashinda akina mama wa kanisa zima alifanya jambo ambalo mkamwana yeyote wa huku angefanya mwili ukimwongoza. Mzee alipomkaribia, alitoka njiani, akaegemea ukuta, akatazama chini, akamwacha apite.

Mzee alikwenda nyumbani. Kesho yake akaenda tena. Kila asubuhi nilimpeleka, na kila asubuhi Mwalimu alimpisha.

"Mwalimu, mfungie mlango," nilisema siku moja. Nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia.

"Nimfungie nani?"

"Mzee."

"Wewe ungemfungia mlango babu yako?"

"Huyu si babu. Huyu bado anakojoa kitandani."

"Hilo ni lake," alisema Mwalimu, "mimi sitaki kulijua." Na kweli alikuwa ameona haya.

Wiki hiyo nilikosa masomo zaidi ya niliyopata. Mama alikuwa ameanza kazi, na alirudi jioni vidole vimekauka kwa sabuni, akauliza tu, "Amekaa?" Nilitikisa kichwa. Ijumaa aliniambia nirudishe vitabu vya shule Jumatatu, visije vikaliwa na mchwa nyumbani.

Jumamosi nilimfuata Babu kule anakolisha mbuzi. Mimi kuongea na mtu ni kazi. Nilifika, nikakaa, nikatazama mbuzi wakila mpaka wakahama kichaka. Babu hakunisaidia. Mwishowe nikasema lote kwa mara moja, nasari, na kazi ya Mama, na mtihani.

"Mke wangu leo ameongea," alisema Babu. "Haya. Lakini huyo unayemsema ni mimi. Kama mimi sikupenda shule, yeye ataipendaje?"

"Wewe hukuwahi kwenda."

"Ndiyo sababu sikuipenda." Akavuta ugoro. "Huko wanafanya nini?"

"Wanaimba. Wanakunywa uji."

"Uji wa nini?"

"Wa wimbi. Una sukari."

Aliwatazama mbuzi. "Mtu asikatae kitu asichokijua," alisema, na aliyasema kwa uzito kama amefikiria mambo ya nchi, lakini mimi nilijua ni sukari.

Jumatatu asubuhi Babu na Mzee walitangulia njiani, kila mmoja na kijiti chake, mimi nyuma na vitabu ambavyo sikuvirudisha. Walifika Mwalimu akiwa anaandika ubaoni, mgongo kwa mlango. Babu aliingia, akaweka kigoda chake palepale mlangoni penye upepo, akakaa. Mzee akakaa mbele yake. Babu akasalimia darasa kwa sauti.

Mwalimu hakugeuka. Mkono wake ulisimama katikati ya herufi. Alijua sauti ile, na alijua mlango ni mmoja na mwenyewe ameukalia. Mimi nilikuwa nje, upande wa dirisha, ndiyo maana naweza kuwaambia. Kwanza ulitoka mguu mmoja. Kisha pakawa na kimya, kwa kuwa Mwalimu alikuwa mwanamke wa mwili na dirisha lile lilijengwa kwa ajili ya hewa. Kisha akatoka mzima, akatua, akapangusa gauni, akaniona.

"Asubuhi njema," alinisalimia kwa Kiingereza.

Nikaitikia.

Akageuza mgongo wake kwa dirisha, akapaza sauti: "Darasa, A." Ndani wakajibu, "A." Babu naye alijibu, sauti nzito ikichelewa kidogo nyuma ya wengine.

Tangu siku hiyo akafundisha nje. Alisimama chini ya dirisha na mwavuli mweusi kwa sababu ya jua, uso ukitazama makaburi ya kanisa, akayafundisha makaburi kuhesabu. Herufi aliziandika ukutani kwa nje, kisha mtoto mmoja alitumwa atoke azione, arudi awaeleze wenzake zilivyo. Wengi walijifunza kwamba S ni njia ya mbuzi. Uji aliupikia nje na kuupitisha dirishani, mkono tu, na kikombe cha kwanza kilikuwa cha Babu, maana hakuna njia nyingine. Babu alikunywa, akasinzia. Alipoamka alibisha. Akiambiwa hii ni B, aliuliza, "Nani amesema?" Watoto wakaanza kuuliza hivyo hivyo.

Darasa letu la nane lilitazamana na nasari. Nilimwona Mzee kupitia mlango, amekaa. Kila siku niliandika hesabu moja na kumtazama mara moja.

Siku moja mwenyekiti wa kamati ya nasari alipita na baiskeli. Alikuwa mtu wa kanisa sana, mwenye kalamu mfukoni isiyokuwa na wino, na alisimama.

"Mwalimu, mbona uko nje?"

"Nafundisha."

"Wanafunzi wako wapi?"

"Wako ndani."

"Na ndani kuna nani na wanafunzi?"

Mwalimu akakohoa.

Mwenyekiti alichungulia, akamwona Babu amelala mdomo wazi, na inzi. Akarudi. "Mwalimu, Alhamisi si uliwaambia akina mama mambo haya ni ya giza?"

"Niliwaambia."

"Basi ingia."

"Nitaingia akitoka."

"Mwambie atoke."

"Nimwambie kwa mdomo upi?"

 Mwenyekiti naye alikuwa na mkamwana nyumbani, na akili yake nadhani ilienda huko, ikaona mkamwana wake anamwamuru atoke mahali. Akapanda baiskeli.

Ilichukua muda mrefu wa muhula. Mzee alianza kusogea mbele, kwanza mbali na magoti ya Babu, kisha mbali na kigoda, mpaka akafika kwa yule mtoto mwenye jina la mwinjilisti, wakawa wanaomba pamoja kwa macho mawili wazi. Siku moja mbuzi wa Babu waliingia kwenye shamba la kanisa, Babu akatoka kuwafukuza, na Mzee hakugeuza hata kichwa. Babu aliporudi alisimama mlangoni akamtazama. Mtu mwenye jina lake alikuwa anamfundisha mwenzake kupiga foleni. Babu akachukua kigoda chake, akaenda nyumbani. Uji wa siku hiyo alikuwa ameshakunywa.

Mwalimu akaingia ndani, kwa mlango.

Mama aliendelea kufua mashuka. Mimi nilifanya mtihani, nikiwa nimekaa kwenye dawati langu kama wengine. Sikuitwa sekondari, lakini hilo ni jambo lingine, na nilikuwa na wenzangu wengi.

Mwaka uliofuata kamati ilileta mwalimu mwingine, msichana aliyesomea kazi hiyo kweli, mwenye picha za kubandika ukutani. Tuliambiwa ni mambo ya kisasa, ni cheti. Mwalimu hakulalamika mahali nilipomsikia. Alianza kupanda ndengu. Kanisani alikaa benchi la nyuma na aliacha kuhubiri Alhamisi, na akina mama wakawa wanawakwepa wakwe zao kwa amani. Baadaye alienda kukaa na binti yake mkubwa huko Kathonzweni, na kwetu akabaki kuwa hadithi ya dirisha. Watu walicheka mpaka wakajipiga mapaja. Hata mimi.

Juzi nilikuwa safarini kwenda Salama, ambako niliambiwa duka moja la barabarani linatafuta msichana wa kuuza. Nilipitia Kathonzweni, nikamkuta Mwalimu kwenye uwanja wa binti yake anapepeta ndengu. Amekonda. Ilikuwa alasiri, akanitakia asubuhi njema kwa Kiingereza, nikaitikia. Nikapewa ungo wa pili, tukapepeta.

"Mzee anasoma?" aliuliza.

"Anasoma. Yuko darasa la tano. Babu pia ni mzima."

Akainamisha kichwa kidogo, kwa huyo aliye mbali maili nyingi.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisema, "Mwalimu, yule msichana mpya alikuwa na cheti, ndiyo wakamchukua?"

"Nani amekuambia?"

"Watu."

"Cheti kilikuja baadaye, kama sababu." Alipuliza maganda. "Kamati iliniita tukiwa bado na yule wa kigoda ndani. Wakasema nimelifanya kanisa kichekesho, nichague, mzee atoke darasani au nitoke mimi. Nikawaambia, mimi tayari niko nje."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

"Ungengoja kidogo," nilisema. "Ungemwachia Mzee aende nyumbani tu, kama wengine wanaoshindwa."

"Mama yako alinikuta kisimani. Akaniambia mtoto asipokaa, wewe unatoka shule." Alinyoosha mdomo kuelekea nyumba, ambako binti yake alikuwa akiwapigia watoto kelele. "Huyu nilimtoa mimi, darasa la sita, alee mdogo wake ili mimi nifundishe watoto wa watu. Wa pili nikamtoa hivyo hivyo. Hao watoto wa watu walikaa vizuri sana."

Tukapepeta. Kwangu mimi kunyamaza ni rahisi, lakini siku hiyo ilikuwa ngumu.

"Mtihani ulifanya?" aliuliza.

"Nilifanya."

"Cheti unacho?"

Nilikuwa nacho kwenye mfuko wa plastiki, kwa ajili ya duka la Salama. Alipangusa mikono yake kwenye leso, akaipangusa tena, ndipo akakipokea. Alikishika mbali na macho, karibu urefu wa mkono wote, akasoma kila mstari akisogeza midomo. Alichukua muda mrefu kuliko mwenye duka yeyote atakavyochukua.

"Hesabu D," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kiingereza D."

"Ndiyo."

"Sayansi." Hakuisoma, alinitazama tu. Kisha akakirudisha kwenye plastiki polepole, akikunja pale pale palipokuwa pamekunjwa, asiongeze mkunjo mwingine.

"Kwa hivyo nasari yangu ilienda kwa alama hizi," alisema.

Nikainamisha kichwa. Akakirudisha kifuani kwangu mwenyewe, akakisukuma kwa kiganja.

"Kiswahili wamekupa B. Walikupaje, na wewe huongei?"

"Niliandika, Mwalimu. Insha."

"Insha ya nini?"

"Mtu ninayemkumbuka."

"Ulimwandika nani?"

Nilimwambia nilimwandika mwinjilisti, kwa sababu tulifundishwa kwamba ndiye anayepata alama.

Alichukua ungo wake. "Wakamba bwana," alisema, na akapepeta kwa nguvu kiasi kwamba kuku wote walitukimbilia.

Duka la Salama hawakunichukua, walitaka msichana anayeita wateja. Nimerudi nyumbani na nimeandika haya, na yamenichukua msimu mzima wa kupanda. Kama wewe unayesoma ulipita nasari yake, ama wewe ndiye yule mtoto wa uji wa madonge, tafadhali niandikie ueleze unachokumbuka, hata kama ni kibaya. Niandikie pia kama ulitolewa shule ulee mtu, kwa maana mabinti zake wameniuliza kama wako peke yao. Nitachelewa kujibu, lakini barua zote nitampelekea Kathonzweni, na ninawaonya mapema kwamba atazisahihisha.